Maji ni ya Mlima, Stima ni ya Nani?

Mto Suam huanzia juu ya Mlima Elgon. Huteremka upande wa kaskazini, ukawa mpaka kati ya Trans Nzoia na Uganda, kisha ukaingia Pokot Magharibi ambako huitwa Turkwel. Huko, kwenye korongo jembamba, serikali ilijenga bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1991. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 106, na umeme huo husafirishwa kwa laini kubwa hadi Lessos ukaungana na gridi ya taifa. Taa zinazowaka Eldoret, Nakuru au hata Nairobi zina sehemu yake ya mvua iliyonyesha mlimani kwetu.

Ukipanda mlima huo huo hadi Chepkitale, katika kaunti ndogo ya Mlima Elgon hapa Bungoma, utakuta familia za Waogiek zinazoishi jirani kabisa na chemchemi za mito hii, lakini mbali na nguzo za Kenya Power. Chakula hupikwa kwa kuni, usiku humulikwa kwa tochi, na simu huchajiwa kwa kipande cha sola juu ya paa, ukungu ukiruhusu.

Ziko njia mbili za kijiji cha mbali kupata stima. Moja ni kusubiri kuletewa, na wengi wetu ndiyo tunayoijua: ahadi hutolewa barazani, nguzo huonekana zimelazwa kando ya barabara, miaka hupita. Njia ya pili ni jamii yenyewe kuamua kuzalisha umeme kwa maji, jua au upepo ulio kwenye ardhi yake, mtambo ukawa mali yake na daftari la fedha likakaa mikononi mwake. Njia hiyo ya pili ndiyo tunayoieleza hapa, kwa sababu Katiba na sheria za Kenya zinaifungulia mlango, na kwa sababu wananchi wengi wa sehemu za juu hawajaelezwa mlango wenyewe uko wapi.

Wengine waliofanya hivyo

Huko Mbuiru, sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Tharaka Nithi, wanakijiji wapatao 200 walikusanyika miaka ya mwisho ya tisini kujenga mtambo wa maji unaojulikana kama Tungu-Kabiri. Walisaidiwa na Wizara ya Kawi na shirika ambalo leo huitwa Practical Action, lakini hawakukaa kando wakitazama. Kila mwanachama alinunua hisa. Kila Jumanne, kwa zaidi ya miaka miwili, walitoka kwenda kuchimba mfereji, kubeba mawe na kuchanganya simiti. Mtambo wao ulikuwa wa kilowati 18, ambazo kwa mizani ya Turkwel ni kidogo mno. Lakini kijijini kilowati 18 huweza kuendesha kinu cha kusaga mahindi, mashine ya kuchomelea vyuma, kinyozi na sehemu ya kuchaji betri, na biashara ndogo za namna hiyo ndizo zilizolengwa kupewa umeme kwanza, kabla ya nyumba za watu. Tutarudi kwa jambo hilo, maana ni la akili kuliko linavyoonekana.

Nchini Tanzania, wilayani Ludewa katika mkoa wa Njombe, vijiji kadhaa vinatumia umeme wa mtambo wa maji wa kilowati 300 unaosimamiwa na chama cha watumiaji kiitwacho LUMAMA. Jina hilo limetokana na mianzo ya majina ya Lupande, Mawengi na Madunda. Mtambo ulijengwa kwa msaada wa shirika la Italia, ila wanaopanga bei, kukusanya ada na kumtuma fundi laini inapokatika ni chama chenyewe.

Mfano wa mbali zaidi unatoka kaskazini mwa Kanada, katika kijiji cha Old Crow, jimbo la Yukon. Wenyeji wake ni jamii asilia ya Vuntut Gwitchin. Hakuna barabara ya kufika huko, na kwa miaka mingi dizeli ya jenereta ilisafirishwa kwa ndege. Mwaka 2021 jamii hiyo ilizindua paneli zake za sola za kilowati 940, mahali ambapo majira ya baridi kuna majuma jua halichomozi kabisa. Paneli ni mali ya jamii. Kampuni ya umeme ndiyo inayonunua, kwa mkataba wa miaka 25, na lita takriban 189,000 za dizeli huokolewa kila mwaka. Kampuni inawalipa wenyeji, wala si wenyeji peke yao wanaoilipa kampuni.

Ukiviweka vijiji hivi vitatu pamoja, havifanani kwa hali ya hewa, lugha wala ukubwa wa mtambo. Lakini katika vyote, mtu akiuliza mtambo ni wa nani, mradi ni wa nani, jibu halihitaji kutafutwa Nairobi wala Ulaya.

Kwanza ardhi

Hapa kwetu swali la kwanza haliwezi kuwa la paneli wala mabomba. Ni la ardhi, kwa sababu hakuna mfadhili, benki wala idara ya serikali itakayokubali kuweka mtambo mahali ambapo mwenyewe hajulikani.

Waogiek wa Chepkitale wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Mwaka 2000 ardhi yao ya jadi ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya wanyamapori, na kwa tangazo hilo waliokuwa wakiishi pale wakahesabiwa wavamizi. Walikwenda kortini. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hatua ile ya mwaka 2000 haikufuata sheria. Katika miaka hiyo yote ya kesi, jamii haikukaa kimya. Kwa kusaidiwa na shirika lao lenyewe, CIPDP, lenye makao Kitale, waliandika kanuni zao za kutunza msitu na nyanda za juu, zikiwemo za kukataza uchomaji makaa. Jamii yenye kanuni zilizoandikwa, wazee wanaojulikana na mikutano yenye kumbukumbu tayari ina zaidi ya nusu ya kinachohitajika ili kusimamia mtambo wa umeme. Kukosa uwazi wa namna hiyo ndiko kunakoua miradi mingi, maji na jua vikiwepo.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, inataja waziwazi kwamba ardhi ya mababu, na ile iliyokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji, ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikaeleza utaratibu. Jamii hujisajili, huchagua kamati ya usimamizi ya watu kati ya 7 na 15, kisha huomba hatimiliki kwa jina lake. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Maneno hayo, kwa niaba ya wenyewe, yasomwe polepole. Kaunti hairuhusiwi kuiuza, kuihamisha wala kuibadilisha matumizi kana kwamba ni shamba lake.

Mwekezaji akija na mradi wa umeme kwenye ardhi ya jamii, kifungu cha 36 cha sheria hiyo kinasema mkataba hauna nguvu mpaka upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ulioitwa kwa ajili ya jambo hilo hilo. Sahihi ya mzee mmoja haitoshi. Sahihi ya chifu haitoshi, wala ya mwakilishi wadi. Kabla ya kupiga kura, jamii ina haki ya kuelezwa madhara kwa mazingira, malipo na fidia, jinsi ardhi itakavyorudishiwa hali yake mradi ukiisha, na jinsi wenyeji watakavyofundishwa kazi ya mtambo. Utaratibu huu unachosha, hatutakataa. Unaweza kuchukua miezi. Lakini kuupita kwa njia ya mkato kumegharimu zaidi.

Mfano uko Marsabit. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulijengwa kwenye ardhi ya ekari takriban 150,000 ambayo wafugaji wa eneo hilo walisema ilitolewa bila wao kushirikishwa ipasavyo. Walikwenda kortini. Oktoba 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu, na ikatoa muda wa mwaka mmoja kasoro zirekebishwe. Wakati huo mitambo ilikuwa ikizunguka na nchi inautumia umeme wake. Fikiria ugumu wa kurekebisha msingi wa nyumba ambayo tayari watu wanalala ndani. Kinangop, Nyandarua, mambo yalikwenda vibaya zaidi: mradi wa upepo wa megawati 60.8 ulifutwa mwaka 2016 baada ya upinzani mkali wa wakulima kuhusu ardhi, upinzani ambao uligharimu maisha. Na hapa kwetu tusisahau kwamba Januari 2018 Umoja wa Ulaya ulisitisha fedha zake kwa mradi wa kutunza vyanzo vya maji vya Mlima Elgon na Cherangany, baada ya mtu wa jamii ya Wasengwer kupigwa risasi na kufa katika msitu wa Embobut. Nia ya kulinda mazingira ilikuwa njema. Haikutosha.

Nguvu iliyo kwenye kijito chako

Tukiacha karatasi kwa muda, tuzungumze juu ya maji yenyewe. Elgon ina bahati ambayo sehemu nyingi za Kenya hazina: mito inayoteremka kwa kasi, kama vile Kuywa, Kibisi, Malakisi, Lwakhakha, na upande wa Trans Nzoia, Koitobos. Mtambo mdogo wa maji hauhitaji bwawa kubwa wala kuhamisha watu. Kizuizi kidogo cha mawe na simiti huelekeza sehemu ya maji kwenye mfereji, mfereji hufuata ubavu wa kilima, kisha maji huteremshwa kwa bomba hadi kwenye kibanda penye gurudumu linalozungusha jenereta. Baada ya hapo maji yote hurudi mtoni, hata tone halikunywewa na mashine.

Mtu yeyote anaweza kukadiria nguvu ya kijito chake kwa hesabu ya darasa la sita. Chukua lita za maji kwa sekunde, zidisha kwa mita za mteremko, kisha zidisha kwa 5. Jibu ni wati utakazopata, ukishatoa zinazopotea njiani. Kwa mfano, lita 40 kwa sekunde zikishuka mita 15 zitakupa wati 3,000, yaani kilowati 3. Mteremko hupimwa kwa mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha maji ndani, hatua kwa hatua kutoka juu hadi chini. Maji ya kijito kidogo hupimwa kwa ndoo: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 4, hizo ni lita 5 kwa sekunde.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kupima mwezi wa Mei, mto ukiwa umefura na watu wamejaa matumaini. Pima Februari. Maji ya kiangazi ndiyo yatakayokuwashia taa mwaka mzima, na tena usiyachukue yote, maana kuna samaki, mifugo na majirani walio chini yako. Mtambo uliopangwa kwa maji ya Mei utalala kuanzia Desemba hadi mvua zirudi.

Kilowati 3 ni nyingi au chache? Zikigawanywa kwa nyumba 60, kila nyumba inapata wati 50: taa nne za wati 5, redio, simu mbili, na kidogo cha kubaki. Lakini kinu cha kusaga mahindi chenye mota ya nguvu za farasi 10 hutaka kama kilowati 7.5 peke yake, kwa hivyo kilowati 3 hazitakisukuma. Kinu kikiwashwa bila hesabu, kijiji kizima kinaingia gizani. Jamii ikiwa na mtambo wa kilowati 10, kwa mfano, inaweza kuamua kwamba mchana ni wa kinu, kupoza maziwa na fundi wa kuchomelea, na jioni ni ya nyumba. Hapo ndipo wazo la watu wa Mbuiru linaonekana. Umeme wa mchana ukiingia kwenye biashara, biashara hulipa, na malipo hayo ndiyo yanayokuja kununua vipuri. Umeme ukipelekwa majumbani tu, kazi yake ni saa nne za jioni, na mtambo unazunguka bure saa zilizobaki.

Kwa jamii ya Chepkitale, ambao asali na mifugo ndiyo riziki yao ya siku nyingi, mtu angefikiria zaidi mashine ya kuchuja asali na tangi la kupoza maziwa kuliko kinu. Hilo ni lao kuamua. Mtaalamu kutoka mjini akija na orodha tayari ya matumizi ya umeme, aulizwe aliipata kwa nani.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa mitambo husema kwa sauti ndogo: umeme wa kiasi hiki haupiki. Kupika kwa stima kunahitaji wati elfu moja au zaidi kwa nyumba moja. Kuni zitaendelea kutumika, kwa hivyo jiko lililoboreshwa linalopunguza moshi na kuni bado ni mradi wa maana sambamba na taa. Mama akiambiwa mtambo utamwondolea safari ya kutafuta kuni, anadanganywa.

Pale ambapo hakuna mteremko wala maji ya kutosha, jua ndilo linalobaki. Paneli za sola zikitunzwa hudumu miaka 20 na zaidi. Betri hazina umri huo. Za maji ya asidi huchoka baada ya miaka michache, hasa zikiachwa kuisha kabisa kila usiku. Za lithiamu hudumu zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Na Chepkitale, kwenye kimo cha kama mita 3,000, mawingu ya mchana hayaombi ruhusa. Fundi mkweli atataka kujua siku ngapi mfululizo huwa za mawingu kabla ya kutaja idadi ya paneli.

Daftari la fedha

Mtambo uliotolewa bure huwa na shida moja: siku ukiharibika, kila mtu humtazama aliyeutoa. Ukizunguka mashambani utaona sola za zahanati na shule zilizonyamaza kwa sababu betri ilikufa na hakuna aliyekuwa ameweka akiba ya kununua nyingine.

Tuchukue mfano wa nyumba 60, kila moja ikilipa shilingi 300 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 18,000 kwa mwezi, shilingi 216,000 kwa mwaka. Mlinzi wa mtambo na fundi wa kijiji wakilipwa nusu yake, zinabaki 108,000 za kuweka benki. Baada ya miaka mitano ni zaidi ya nusu milioni, kiasi kinachoweza kubadilisha betri au kukarabati gurudumu. Ikiwa nyumba 20 hazilipi kwa kuwa mwenyekiti ni shemeji yao, akiba hiyo inapungua hadi 36,000 kwa mwaka, na hesabu ya betri inakufa kabla ya betri. Mita za tokeni husaidia hapa, si kwa sababu watu si waaminifu, bali kwa sababu humwondolea mweka hazina aibu ya kubisha mlango wa mjomba wake.

Kundi linahitaji kuwa na jina kisheria. Linaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, au likawa chama cha ushirika. Akaunti ya benki iwe na sahihi tatu, na angalau moja iwe ya mwanamke. Hilo la mwisho si sharti la sheria. Ni maoni yetu, na wenye uzoefu wa vyama vya akina mama mashambani watajua tumelitoa wapi.

Vibali, na nani wa kuendewa

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inasema mtu anayezalisha umeme wa matumizi yake mwenyewe, usiozidi megawati 1, hahitaji leseni. Shule, kanisa, zahanati au kiwanda kidogo cha kahawa kinaweza kujiwekea sola au mtambo wa maji wa kiasi hicho. Mambo hubadilika pale umeme unapouzwa au kusambazwa kwa wengine. Hapo idhini ya EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, inahitajika, na bei itakayotozwa lazima ipitishwe nayo. Lengo ni kumlinda mnunuzi dhidi ya nyaya zilizofungwa kwenye miti ya mikalitusi, ambazo zimewahi kuua.

Kutumia maji ya mto kuzungusha mtambo kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, hata kama maji yanarudi mtoni. Anzieni kwa chama cha watumiaji wa maji wa mto wenu, kwa kuwa majirani wa chini ndio watakaolalamika wa kwanza na ni heri walalamike mapema. NEMA nayo hutaka tathmini ya athari kwa mazingira. Mradi ukiwa ndani ya msitu wa serikali au mbuga, kuna idhini za ziada za Huduma ya Misitu na KWS.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni kuhusu mgao wa mapato. Sheria ya Kawi imeweka mgao wazi kwa umeme wa mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria: mrabaha unaolipwa serikali hugawanywa asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya eneo. Kwa maji, jua na upepo hakuna mgao wa namna hiyo katika sheria hiyo. Ndiyo sababu mkataba wa jamii na mwekezaji una uzito mkubwa. Kile ambacho hakikuandikwa humo, msitarajie kukidai baadaye kwa kusema mlizungumza mkiwa mmekaa chini ya mti.

Wengine wamesikia juu ya mpango wa serikali kuu wa sola kwa maeneo yaliyo mbali na gridi, KOSAP, na wanauliza utafika lini. Mpango huo ulihusu kaunti 14 zilizotajwa kuwa na uhaba mkubwa. Pokot Magharibi na Turkana zimo. Bungoma na Trans Nzoia hazimo. Mtu akija kukusanya pesa za kuwaandikisha katika mpango huo, mpelekeni kwa chifu.

Kinachobaki mikononi mwa kaunti si kidogo. Ratiba ya Nne ya Katiba inazipa kaunti jukumu la usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi, na Sheria ya Kawi inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Kijiji ambacho hakijaandikwa katika mpango huo ni vigumu kuwekewa fedha. Kalenda ya kufuata ni hii: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Vikao vya kutoa maoni hufanyika kabla ya tarehe hizo, na mara nyingi wanaojaza viti ni watu wa miji ya chini kwa sababu nauli ya kushuka kutoka Laboot au Kaboywo ni ya siku nzima. Maoni yaliyoandikwa yana uzito sawa na ya aliyesimama kusema. Kundi likimtuma mtu mmoja na barua iliyotiwa sahihi na wanachama, limehudhuria lote.

Barua hiyo isiseme tu kwamba tunaomba stima. Iseme mto gani, mteremko wa mita ngapi, lita ngapi kwa sekunde mwezi wa Februari, nyumba ngapi, shule na zahanati zipi, ardhi imesajiliwa au iko katika hatua gani, kundi limesajiliwa kwa jina gani na lina akiba kiasi gani hadi sasa, hata kama ni shilingi elfu tano. Ipelekwe katika ofisi ya msimamizi wa wadi, nakala igongwe muhuri na ibaki kwa katibu wenu. Afisa wa kawi akipokea barua ya namna hiyo ana kitu cha kupeleka kwa mhandisi. Kwa wanaoanza mwaka huu, vipimo vya kiangazi vinahitaji ndoo, saa ya simu na asubuhi mbili tatu za Februari, na daftari la kuandikia kila tarehe na kila jibu.